Kutoka Røros hadi Missouri: Historia ya Ugonjwa Unaopofusha Mbwa na Watoto

Røros ni mji wa milimani nchini Norway, karibu na mpaka wa Sweden. Tangu mwaka 1644 wakazi wake waliishi kwa shaba, na nyumba zao za mbao zingali zimesimama hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji huo ulikuwa na daktari aliyeitwa Otto Christian Stengel. Mwaka 1826 daktari huyo alipeleka makala kwenye jarida la tiba lililoitwa Eyr, lililokuwa likichapishwa Christiania, yaani Oslo ya leo. Makala ilihusu ndugu wanne wa tumbo moja walioishi jirani na Røros.

Wote wanne walizaliwa wazima. Walikua, wakatembea, wakasema kama watoto wengine. Kisha, walipofikia umri ambao siku hizi mtoto huanza shule, macho yao yakaanza kufifia. Baada ya macho ikafuata akili, baada ya akili ikafuata kauli, na degedege likawa linawarudia mara kwa mara. Stengel alieleza jinsi ugonjwa ulivyowapitia mmoja baada ya mwingine kwa njia ileile, wa kwanza akionyesha yatakayomkuta wa pili. Wazazi wao hawakuwa na ugonjwa huo.

Stengel hakuwa na cha kulifumbulia fumbo hilo. Gregor Mendel, ambaye majaribio yake ya njegere yalikuja kuchapishwa mwaka 1866 na kuonyesha kanuni za urithi, mwaka ule alikuwa hajatimiza hata miaka mitano. Makala ya Røros ilibaki katika lugha ambayo madaktari wengi wa Ulaya hawakuisoma, ikalala. Hata hivyo, ndiyo maelezo ya kwanza tuliyonayo ya kundi la maradhi ambalo leo huitwa ugonjwa wa Batten. Jina hilo linatokana na Frederick Batten, daktari wa London aliyeeleza mwaka 1903 habari za ndugu wawili waliopoteza kuona na akili. Miaka miwili baadaye Heinrich Vogt na Walther Spielmeyer nchini Ujerumani nao wakaandika juu ya watoto wa namna hiyo.

Mwaka 1931 Torsten Sjögren, daktari wa Sweden aliyekusanya habari za familia nyingi zenye ugonjwa huo, alionyesha kwamba unarithiwa kwa kanuni zile za Mendel. Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mpango wenyewe kwa sababu ndio mpango wa selimundu. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu na nyingine nzima, ile nzima hufanya kazi na mwenye nayo huishi bila ugonjwa. Huyo ni mbebaji. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbovu mbili na kuugua, nafasi mbili kati ya nne ya kuwa mbebaji kama wazazi, na nafasi moja ya kutorithi ubovu wowote. Hivyo ndivyo wazazi wazima wanavyoweza kuzaa watoto wagonjwa. Na katika nyumba moja bahati haigawanyiki kwa usawa: wapo wanaozaa wanne na wote wakawa wazima, na wapo wa Røros.

Ndani ya mwili, ubovu huo unaharibu kazi ya kusafisha. Kila seli ina vifuko vidogo ambamo vimeng'enya huvunjavunja protini na mafuta yaliyochakaa ili malighafi yake itumike tena. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, au protini inayosaidia kazi hiyo ikiharibika, taka hubaki. Seli za ngozi na za utumbo hufa na kuzaliwa upya, kwa hiyo taka haiwahi kuzilemea. Seli za ubongo hazina nafuu hiyo, kwani nyingi kati ya zile tulizozaliwa nazo ndizo tunazozeeka nazo. Retina nayo, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni sehemu ya mfumo wa neva, na seli zake hujaa taka vilevile. Ndiyo maana jicho na ubongo huugua pamoja. Taka hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno chini ya darubini hung'aa kwa rangi ya manjano. Mwaka 1969 Wolfgang Zeman na Paul Dyken waliupa ugonjwa jina kutokana na taka hiyo: seroidi-lipofusinosi ya neva.

Wakati Zeman na Dyken wanatafuta jina, mwanasayansi wa Norway, Nils Koppang, alikuwa na mbwa wenye ugonjwa uleule.

Mbwa wenyewe walikuwa seta wa Kiingereza, mbwa warefu wa manyoya laini wanaopendwa na wawindaji wa Norway kwa kutafuta ndege wa milimani wafananao na kwale. Seta hunusa upepo, na akimpata ndege husimama kimya kumwonyesha mwindaji alipo. Historia ya aina hii ya mbwa inaanzia Uingereza. Mwaka 1825, mwaka mmoja kabla ya makala ya Røros, Edward Laverack alipata mbwa wawili, dume aitwaye Ponto na jike aitwaye Old Moll. Kwa takriban nusu karne alizalisha mbwa wake, na alidai kwamba wote walitokana na wawili hao, ndugu kwa ndugu, mjukuu kwa babu. Wapo waliotilia shaka dai lake, lakini hakuna aliyetilia shaka kwamba ukoo ulikuwa wa karibu sana.

Laverack hakuwa peke yake katika mtindo huo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafugaji wa Ulaya walianza kufunga vitabu vya nasaba: mbwa asiye na wazazi walioandikwa hakukubaliwa. Kennel Club ya London, chama cha kwanza cha aina yake, iliundwa mwaka 1873. Dume aliyeshinda mashindano aliletewa majike kutoka kila upande, na baada ya vizazi vichache nusu ya mbwa wa nchi wanaweza kumwita babu. Ikiwa babu huyo alibeba nakala moja mbovu ya jeni, yeye mwenyewe haugui, na watoto wake hawaugui. Ubovu unasambaa kimya katika ukoo mpaka siku wajukuu wawili wanapokutanishwa.

Katika seta wa Norway siku hiyo ilikuwa imefika kufikia miaka ya 1950. Mbwa alizaliwa mzima na kujifunza kazi yake vizuri. Alipofikisha mwaka mmoja na miezi kadhaa macho yalianza kumpungua. Akagonga vitu, akapoteza uchangamfu, akawa hasikii tena mafunzo aliyoyajua. Miguu ikakosa mpangilio, kifafa kikaanza, na kufikia umri wa miaka miwili hivi mbwa alikuwa amekufa. Koppang alipopasua ubongo na macho yao alikuta taka ileile ing'aayo manjano. Mwaka 1970 aliandika wazi kwamba ugonjwa wa seta hawa unalingana na ule wa watoto, na kwa miaka mingi aliendelea kuwafuga na kuwachunguza.

Ni lazima kusema hapa kazi hiyo ilikuwa na maana gani kwa mbwa. Kuuchunguza ugonjwa wa kurithi kulihitaji kuwakutanisha wabebaji kwa makusudi na kungoja robo ya watoto wao waugue. Mbwa hao hawakuwa na kosa wala hiari. Kila hatua ya tiba iliyofuata ilipita juu ya migongo yao, na anayeisimulia historia hii anapaswa kuwahesabu pamoja na madaktari.

Wanyama wengine nao walichangia. New Zealand kulikuwa na kondoo wenye ugonjwa huo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 David Palmer na wenzake waliichambua taka iliyojaa katika seli zao. Wengi walidhani kiini chake ni mafuta yaliyochacha. Palmer alikuta kwamba sehemu kubwa ni protini moja ndogo, kipande cha mtambo unaoipatia seli nishati. Protini hiyohiyo ilipatikana katika seta wa Kiingereza na katika aina kadhaa za ugonjwa wa watoto.

Lakini kuijua taka hakukumsaidia mfugaji. Swali lake lilikuwa moja: kati ya mbwa wangu hawa wazima, yupi ni mbebaji? Jicho halikuweza kumwambia, wala darubini. Aligundua kwa njia moja tu, nayo ni kuona watoto wao wanapofuka. Akishagundua, dume amekwisha kuzaa kwingine. Wafugaji wengi waliangukia lawama na siri: huyu akificha mbwa aliyekufa, yule akimshutumu mwenye jike. Aliyesema ukweli aliharibiwa jina, aliyenyamaza aliendelea kuuza.

Jibu lilihitaji jeni yenyewe. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wa ugonjwa wa binadamu walianza kuzipata jeni hizo moja baada ya nyingine. Mbili zilipatikana mwaka 1995, nyingine mwaka 1997. Ikabainika kwamba kile kilichoitwa ugonjwa mmoja ni familia ya magonjwa, na leo jeni zinazohusishwa nayo kwa binadamu ni 13. Mwaka 1999 watafiti wa Finland, wakiongozwa na Anna-Elina Lehesjoki, walipata jeni iitwayo CLN8 kwa kuchunguza familia za kaskazini mwa nchi yao zilizokuwa na aina ya kifafa cha utotoni kinachofuatwa na kudhoofika kwa akili.

Watu hao wa Finland na seta wa Norway walikuwa wameharibikiwa jeni moja. Mwaka 2005 Martin Katz, Gary Johnson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani waliisoma CLN8 ya seta wagonjwa na kuilinganisha na ya wazima. Walikuta tofauti ya herufi moja. Lugha ya vinasaba ina herufi nne, A, C, G na T, na husomwa kwa mafungu ya herufi tatu tatu, kila fungu likitaja kiungo kimoja cha protini. Mahali fulani katika CLN8 ya seta wagonjwa, T ilikuwa imegeuka C. Kwa hiyo kiungo cha 164 cha protini, ambacho kilipaswa kuwa lusini, kikawa prolini, na prolini huupinda mnyororo wa protini mahali pasipotakiwa. Miaka 35 baada ya makala ya Koppang, ugonjwa wake ulikuwa umepatikana katika herufi moja.

Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, kundi la Alan Wilton lilipata kosa linalowaua boda koli, mbwa wachungaji wa kondoo. Lilikuwa katika jeni nyingine, CLN5, ambapo herufi moja iliyobadilika iliweka alama ya kikomo katikati ya maelezo, na protini ikakatwa kabla ya kukamilika. Desemba ya mwaka huo ikachapishwa ramani ya vinasaba vyote vya mbwa, yapata herufi bilioni 2.4, iliyosomwa kutoka kwa jike mmoja wa aina ya boksa aliyeitwa Tasha. Kuanzia hapo kazi iliyowahi kuchukua miaka mingi ilianza kuchukua miezi.

Kosa likishajulikana, kipimo chake ni chepesi. Mwenye mbwa husugua kijiti chenye brashi laini ndani ya shavu la mbwa, hukiacha kikauke, hukitia kwenye bahasha na kukituma. Maabara hutoa vinasaba katika seli zilizonata, hunakili mara nyingi kipande kile tu kinachohitajika, kisha husoma herufi inayoulizwa. Majibu ni matatu. Mbwa ana nakala nzima mbili, au ni mbebaji, au ana nakala mbovu mbili na ataugua. Kipimo huweza kufanywa hata kwa mtoto wa mbwa ambaye hajaachishwa kunyonya, na jibu lake halibadiliki maisha yake yote.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi kwa teria wa Tibet. Kwao ugonjwa unachelewa, ukianza kwa kawaida mbwa akiwa na miaka mitano hadi saba. Macho hushindwa kwanza gizani, kisha mbwa hupatwa na woga, hukosa mizani na kubadilika tabia kwa watu aliokuwa akiwapenda. Kufikia umri huo amekwisha kuzaa, na pengine watoto wake nao wamezaa. Hakuna uangalifu wa mfugaji, hata awe mwaminifu namna gani, ungeweza kuutangulia ugonjwa huo. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti, moja Marekani na jingine Ujerumani, yalipata kosa lake katika jeni ya ATP13A2, na kwa mara ya kwanza mfugaji wa teria aliweza kujua kabla ya kuzalisha.

Hapa likaja jaribu la kuwaondoa wabebaji wote. Linaonekana kuwa la busara, na ni kosa. Katika ukoo wenye wabebaji wengi, kuwakataza wote wasizae kunauacha na wazazi wachache kuliko walivyokuwa, na wachache hao wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, ubovu mwingine uliojificha ndio utakaojitokeza. Hesabu ya Mendel inatoa njia bora. Mbebaji akikutanishwa na mbwa mwenye nakala nzima mbili, hakuna mtoto hata mmoja atakayeugua. Nusu yao kwa wastani watakuwa wabebaji, nusu watakuwa huru. Mfugaji akiwapima na kuchagua kutoka kwa walio huru, baada ya vizazi vichache ubovu unafifia na sifa njema za ukoo zinabaki. Mbebaji mwenye pua kali na tabia nzuri ana haki ya kuacha kizazi. Kinachokatazwa ni kumkutanisha na mbebaji mwenzake bila kujua, na kipimo kimeondoa udhuru wa kutojua.

Kipimo kiliondoa pia aibu. Nakala moja mbovu haimfanyi mbwa kuwa mbaya wala mfugaji kuwa tapeli. Karibu kila kiumbe hubeba nakala mbovu za namna fulani, nasi wanadamu tumo. Mfugaji anayetangaza jibu la mbwa wake, hata likiwa la mbebaji, anawapa wenzake kitu ambacho familia ya Røros haikuweza kukipata kwa yeyote.

Mwaka 2006 maabara ya Missouri iliandika juu ya mbwa mwingine mgonjwa, daksihundi mmoja mdogo, mbwa wale wa mwili mrefu na miguu mifupi. Alikuwa na miezi tisa tu, naye alikuwa tayari amepoteza kuona na mpangilio wa mwendo. Katika jeni yake ya TPP1 herufi moja ilikuwa imeanguka. Jeni ikisomwa kwa mafungu ya herufi tatu, kupotea kwa moja kunasogeza mafungu yote yanayofuata, na maelezo yaliyobaki yanakuwa hayana maana. Jeni hiyo ndiyo iliyopatikana kwa binadamu mwaka 1997. Ikiharibika kwa mtoto, degedege huanza akiwa na miaka miwili hadi minne, kisha hupoteza kutembea, kusema na kuona, na wengi hawakufika utu uzima.

TPP1 ni kimeng'enya, na kimeng'enya kinaweza kutengenezwa nje ya mwili. Shida ilikuwa kukifikisha, kwa sababu ubongo una uzio unaozuia vitu vingi vya damuni. Kutokana na ukoo wa daksihundi huyo walifugwa mbwa wa utafiti, na Katz na wenzake, wakishirikiana na kampuni ya BioMarin, wakaingiza kimeng'enya moja kwa moja katika maji yanayouzunguka ubongo. Mbwa waliopewa waliugua kwa kuchelewa na kuishi muda mrefu kuliko ndugu zao wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, wakati majaribio kwa watoto yamekwisha kuanza. Watoto 23 walitibiwa kwa njia hiyohiyo, dawa ikiingizwa kichwani kila baada ya wiki mbili kupitia kifaa kilichopandikizwa chini ya ngozi. Kwa wengi wao kupotea kwa mwendo na kauli kulipungua kasi sana. Tarehe 27 Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo, iitwayo Brineura. Ilikuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa ajili ya ugonjwa wowote wa familia ya Batten, miaka 191 baada ya makala ya Stengel.

Dawa hiyo haitibu aina nyingine za ugonjwa, na haikuweza kuokoa macho. Mbwa walikuwa wamelionyesha hilo mapema: kimeng'enya kilichoingizwa kwenye maji ya ubongo hakikufika kwenye retina kwa kiasi cha kutosha, na mbwa aliyeendelea kutembea aliendelea pia kupofuka. Kwa hiyo watafiti wa Missouri waliligeukia jicho lenyewe. Walichukua seli za mbwa, wakazitia jeni nzima ya TPP1, wakazidunga ndani ya jicho moja na kuliacha la pili. Retina ya jicho lililodungwa ilidumu zaidi. Baadaye London, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, madaktari walianza kuwadunga watoto wachache kimeng'enya ndani ya jicho moja na kulilinganisha na la pili, kwa mfano wa njia iliyofunguliwa na mbwa.

Ndugu wanne wa Røros, macho ndiyo yaliyotangulia kuwaacha, na macho ndiyo sehemu ambayo tiba imechelewa kuifikia. Kwa mbwa, kinga imekwisha kupatikana: kijiti, bahasha, na mfugaji aliye tayari kusoma jibu lake kwa sauti. Kwa watoto njia bado ni ndefu, na sehemu kubwa ya hatua zilizokwisha kupigwa zilipigwa na wanyama waliokuwa wanapoteza nuru yao wenyewe.